Mtihani wa wapima usikivu msiutungie mezani: barua ya wazi kutoka Moshi

Kwenu viongozi wa Wizara ya Afya, wa mabaraza ya taaluma za afya, na wakuu wa vyuo mnaofundisha au mnaojiandaa kufundisha audiolojia, yaani taaluma ya upimaji wa usikivu,

YAH: KUWAPATA WATAALAMU WA KUJITOLEA WATAKAOTUNGA MTIHANI WA CHETI CHA AUDIOLOJIA

Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu. Mkono umeandika hivyo wenyewe kwa mazoea ya barua za ofisini, lakini hii ni barua ya wazi, kwa hiyo urasimu nauacha hapohapo.

Mimi ni muuguzi niliyegeukia upimaji wa usikivu. Nipo Moshi, na huu ni mwaka wa 18 katika kazi hii. Chumba changu kiko mwisho wa korido, chini ya bati, na wakati wa masika mvua ikianza kupiga namvua mgonjwa hedifoni, tunakaa tunatazamana mpaka ipungue. Wanaokuja kwangu ni mama wa Kiboriloni mwenye mtoto wa miaka mitatu ambaye hajawahi kumwita "mama", kijana wa machimbo ya Mererani ambaye masikio yanamlia tangu baruti ilipolipuka karibu naye, mwendesha mashine ya kukoboa mahindi anayeona siku hizi watu wote wananong'ona, na watoto wa shule ambao sikio linatoa usaha tangu darasa la kwanza na nyumbani limeshatiwa mafuta ya moto na maji ya kitunguu.

Kila tunapokutana sisi watu wa masikio, iwe kwenye semina Arusha au kwenye msiba wa mwenzetu, mazungumzo huishia palepale: lini kazi hii itakuwa na mtihani wake wa cheti, kama wahasibu walivyo na mitihani ya bodi yao, NBAA, na wauguzi walivyo na wa baraza lao. Mimi mtihani huo nauunga mkono kwa mikono miwili. Ninachokihofia ni watakaoitwa kuutunga.

Kwanza niseme kwa nini nauunga mkono, na hapa itabidi nijianike. Miaka yangu ya mwanzo aliletwa meku mmoja, mzee kwa lugha ya Kichaga, kutoka Marangu. Sikio la kulia lilikuwa zima kwa umri wake. La kushoto, alisema, lilizibwa na matubwitubwi utotoni. Nikampima. Sikio la kushoto likajibu kwenye desibeli 60, mstari umenyooka vizuri kwenye karatasi, nami nikafurahi: hili la kusaidika. Watoto wake wakachanga, shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, likanunuliwa, nikamvisha, nikamwonesha namna ya kubadilisha betri. Wiki ya pili akarudi peke yake, akakiweka kifaa mezani kwa adabu kabisa. "Mama," akasema, "hiki kinanipigia kelele tu. Maneno bado yanaingilia upande ule ule wa zamani."

Mwenzangu mkubwa kikazi alikuwa amepita kutusalimia. Akaitazama ile karatasi kwa muda mfupi sana, akauliza: "Sikio zima ulilifunika?"

Sikulifunika. Kwa msiofanya kazi hii: ukipeleka sauti kubwa kwenye sikio bovu kwa hedifoni za kawaida za kukaa juu ya sikio, ikifika tofauti ya desibeli 40 hivi, sauti inaweza kuvuka kupitia mifupa ya kichwa ikaenda kusikiwa na sikio zima upande wa pili. Mgonjwa anabonyeza kitufe kwa uaminifu kabisa, amesikia kweli, ila hakusikia kwa sikio unalolipima. Dawa yake ni kulitilia sikio zima mvumo ili lishughulike na huo mvumo. Nisipofanya hivyo nachora kivuli cha sikio zima na kukiita sikio bovu. Sikio la meku lilikuwa limekufa. Nilimuuzia kifaa cha kulivisha kaburi.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Kwenye mtihani wa mafunzo yangu swali la kufunika sikio lilikuwepo. Niliulizwa nieleze maana yake. Nilieleza, na alama nikapewa zote. Hakuna aliyeniuliza hilo jambo hufanywa lini. Aliyetunga swali lile, naamini kwa moyo mweupe, alikuwa hajamvisha mtu hedifoni kwa miaka mingi.

Hiyo ndiyo barua yangu yote, waheshimiwa. Yanayofuata ni maelezo tu.

Nchini Marekani taaluma hii ilikua wakati wa Vita ya Pili ya Dunia na baada yake, askari walipokuwa wanarudi na masikio yaliyoharibiwa na mizinga. Raymond Carhart wa Chuo Kikuu cha Northwestern ndiye anayeitwa baba wa audiolojia, na mwaka 1959 yeye na James Jerger waliandika utaratibu ambao hadi leo naufuata pale kwangu: mgonjwa akisikia shusha desibeli 10, asiposikia panda 5. Huko huko kuna American Board of Audiology, bodi inayotoa vyeti vya ubingwa, kikiwemo cha kuhudumia watoto na kingine cha vipandikizi vya koklea, yaani vifaa vinavyopandikizwa kwenye sikio la ndani. Bodi hiyo huwaita wapima usikivu walio kazini wajitolee: waeleze kazi yao ilivyo, watunge maswali, wayapitie ya wenzao, wakae kupanga alama ya kufaulu. Pembeni yao hukaa mtaalamu wa upimaji na tathmini ambaye huenda hajui timpanometa, mashine ya kupima ngoma ya sikio, ni mdudu gani, lakini anajua swali bovu likipita mbele yake.

Mtaalamu wa namna hiyo tunaweza kumpata kwetu. Baraza la Mitihani la Tanzania lipo tangu 1973, na vyuo vikuu vyetu vina idara za elimu zenye watu waliosomea upimaji. Mtu wa tathmini, basi, mwombeni kwa barua ya kawaida ataletwa. Kazi kubwa ni kuwapata hao wengine.

Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 2021, inasema watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu fulani wa usikivu, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma ya kurekebishiwa. Katika nchi za kipato cha chini, 93 kati ya kila 100 hazifikishi hata mtaalamu mmoja wa audiolojia kwa watu milioni moja. Sisi tulishapandishwa daraja mwaka 2020 tukaitwa nchi ya kipato cha kati, hongera kwetu, lakini foleni nje ya chumba changu haijapata taarifa hizo. Nalitaja hili kwa sababu moja. Mkimwita mpima usikivu mmoja wa wilayani kwenye kikao cha siku tano, kuna wilaya imefungwa siku tano. Kwa hiyo mtashawishika kuwaita wale ambao kutokuwepo kwao hakufungi chochote. Na hao, kwa heshima zote, ndio hasa ambao hawajavisha hedifoni siku nyingi.

Mnatakiwa kumwita nani basi? Nitawatajia watu kwa kazi zao, majina mtayatafuta wenyewe.

Kuna waliowapima wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Hospitali ya Kibong'oto ipo hapa Siha, na enzi za sindano za kanamisini wagonjwa wa ugonjwa huo walikuwa wanapona kifua huku usikivu unaondoka, ukianzia kwenye sauti nyembamba za juu ambazo mazungumzo ya kawaida hayazigusi, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe hana habari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 uliiondoa kanamisini katika tiba inayopendekezwa, na afueni ikaja. Lakini aliyewahi kukaa na mgonjwa wa namna hiyo, akaona mstari unashuka kipimo baada ya kipimo, kisha akapiga simu wodini kusema "huyu anaanza kupotea", ana swali kichwani ambalo profesa hana. Gentamisini, nayo huweza kudhuru masikio, bado tunayo wodini. Kwinini, vilevile, bado ipo. Swali lake halijapitwa na wakati.

Kuna wanaohudumia waliowekewa vipandikizi vya usikivu. Muhimbili walianza upasuaji huo Juni 2017, na upasuaji ukishapita kazi iliyobaki ni ya miaka: kurekebisha mitambo, kumzoesha mtoto sauti, kumtia moyo mama ambaye alidhani mtoto ataamka kitandani anaongea. Waiteni hao, ila msiwape mtihani wote. Ninajua mvuto wa vitu vipya. Tukiuchukua mpangilio wa mtihani wa Marekani kama ulivyo, tutakuwa na maswali mengi ya vipandikizi na vipimo vya kizunguzungu vinavyohitaji mashine ambazo mikoa mingi haina, na mawili matatu ya sikio linalotoa usaha. Mimi kwa siku moja ya kliniki naona masikio ya usaha mengi kuliko vipandikizi nitakavyoviona maisha yangu yote. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika. Kuzuia nako kuulizwe.

Kuna walimu. Sina maana ya wa vyuo, hao mnao tayari. Nawataja wa shule kama ya Viziwi Mwanga, ambao ndio hukaa na shimesikio baada ya sisi kulivisha na kwenda zetu. Mwalimu anajua betri iliisha lini na kibonge cha sikioni kikaanza kupiga mbinja lini kwa sababu mtoto amekua na sikio limekua naye. Hatatunga swali la kitaalamu, lakini siku ya kuorodhesha kazi ya mpima usikivu ni nini hasa, awepo mezani. Na Chama cha Viziwi, CHAVITA, kipelekewe mwaliko wa siku hiyo hiyo pamoja na mkalimani, mapema. Si vizuri kiziwi akaletewa mtihani wa watu watakaomhudumia ukiwa umeshachapwa.

Siku hiyo ya kuorodhesha ndiyo msingi wenyewe, na ndiyo watu wengi huiruka. Kabla ya swali la kwanza, watu wa kazi wakae waseme: kwa wiki moja tunafanya nini, mara ngapi, na lipi likikosewa linamwangamiza mgonjwa. Kutokana na hapo mnapata mgawo: maswali mangapi ya watoto, mangapi ya kelele za viwandani, mangapi ya kuvisha vifaa, mangapi ya kutambua kwamba huyu si wangu, aende kwa daktari wa pua, masikio na koo leo hii. Wamarekani wana kanuni nzuri ya watoto wachanga: kipimo cha kwanza kabla ya mwezi mmoja, uchunguzi kamili kabla ya miezi mitatu, huduma ianze kabla ya miezi sita. Mtahiniwa wetu aijue. Lakini aulizwe pia la mtoto anayeletwa akiwa na miaka mitatu na nusu, aliyezaliwa nyumbani, bibi akisema baba yake naye alichelewa kuongea. Huyo ndiye atakayemkuta Jumatatu.

Kuhusu maswali yenyewe, nitumie mifano miwili.

Wa kwanza: "Ni nani aligundua sauti zinazotolewa na sikio la ndani lenyewe, na mwaka gani?" Jibu ni David Kemp, 1978. Ni habari tamu, mimi mwenyewe nilipoisoma mara ya kwanza kwamba sikio zima linatoa sauti, si kupokea tu, niliisimulia nyumbani mezani. Lakini mtu anaweza kuijua na akawa hatari kwa mgonjwa, na asiijue akawa mpimaji safi.

Wa pili: "Mtoto wa miezi mitatu. Kipimo cha ngoma ya sikio kwa toni ya hezi 226 kinaonesha hali ya kawaida. Sauti za sikio la ndani hazipatikani masikio yote. Hatua yako inayofuata ni ipi?" Mtu akijibu kwamba sikio la kati ni zima kwa hiyo mtoto ni kiziwi, amekosea, na kosa lake ni la kweli, tumeliona likifanywa. Akisema arudi akiwa na mwaka mmoja, amekosea vibaya zaidi. Anayejua kazi atarudia kipimo cha ngoma kwa toni ya hezi 1000, maana kwa mtoto chini ya miezi sita ile ya 226 hudanganya, ukuta wa njia ya sikio bado ni laini na unacheza, maji yanaweza kuwepo ndani na mashine ikakuchorea mlima mzuri.

Tazameni vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi, vya swali la pili. Kila kimoja ni kosa la mtu halisi. Vipotoshi vya namna hiyo havitungwi na mtu aliyejifungia na kitabu. Vinatoka kwa msimamizi wa kliniki aliyewasahihisha wanafunzi miaka kumi. Wala msiwalazimishe watungaji kufikisha majibu manne au matano. Michael Rodriguez alipokusanya mwaka 2005 tafiti za miaka 80 kuhusu maswali ya kuchagua, alikuta majibu matatu yanatosha. La nne aghalabu ni la kujazia tu, na watahiniwa wanalinusa.

Nije kwenye jambo ambalo watu hawapendi liandikwe. Posho.

Mkitangaza kwamba watungaji ni wa kujitolea, kisha mkanyamaza, mtapata wakazi wa Dar es Salaam na Dodoma tu, maana ndio wanaoweza kufika kwa nauli yao. Mtu wa Rombo au Same hatapanda basi kutwa nzima, akalala kwa fedha yake, aje awatungieni maswali. Mkitangaza posho nono, mtapata wakuu wa idara. Tunafahamiana. Barua ya mwaliko ikifika na ina neno posho, haivuki meza ya mkubwa. Na yeye akifika atasaini, atafungua kikao, ataomba udhuru. Njia ya katikati ipo. Lipeni nauli halisi kwa tiketi, chumba na chakula, basi. Swali lisilipiwe, kwa sababu ukilipia swali utaletewa maswali mengi. Badala yake wapeni alama za mafunzo endelevu zinazohesabika wakati wa kuhuisha leseni, na barua ya wizara kwa mganga mfawidhi inayosema huyu tunamwomba kwa jina, si mwakilishi wake. Maneno hayo matatu ya mwisho yapigiwe mstari.

Mwaliko nao usipite kwa kujuana. Utangazwe, kila anayetaka aombe, fomu iulize vitu vichache: unafanya kazi wapi, mwezi uliopita umepima watu wangapi kwa mkono wako, umri wao, una mashine gani. Hilo la mwezi uliopita litawapunguzieni waombaji kwa heshima. Chagueni mchanganyiko: hospitali kubwa ya rufaa kama KCMC na zahanati ya misheni, mwenye miaka 20 kazini na mwenye miaka mitatu. Huyu wa miaka mitatu ana kazi yake maalumu, bado anakumbuka ni nini kilikuwa kigumu alipoanza. Sisi wazee tumesahau. Tunadhani kila kitu ni rahisi, na tukiachiwa peke yetu tutatunga mtihani ambao hata sisi wenyewe, tukipewa na wengine, tungeanguka.

Hapo ndipo pa alama ya kufaulu. Msiseme hamsini kwa mia kwa kuwa ndivyo tulivyozoea shuleni. Kuna njia inayoitwa ya Angoff, kwa jina la William Angoff aliyeieleza mwaka 1971, ingawa mwenyewe alikuja kusema wazo lilikuwa la mwenzake Ledyard Tucker. (Wajitolea wangu, zoeeni: kazi yako itapewa jina la mwingine.) Kila mjumbe anamfikiria mtahiniwa aliyefaulu kwa tundu la sindano, anayestahili cheti lakini hana cha ziada. Kisha kwa kila swali anajiuliza, wakiwa watu 100 wa namna hiyo, wangapi watapata hili? Wajumbe wanaandika kimyakimya, wanalinganisha, wanabishana, wanaandika tena. Wastani wa majibu yao ndio unaopanga alama. Nimelipenda jambo hili kwa sababu linawalazimisha watu wazima kukubaliana, kwa sauti, ni kiwango gani cha kutojua tunaweza kumvumilia mtu anayegusa masikio ya watoto.

Kwetu litakuwa na uzito zaidi kuliko Marekani. Huko watahiniwa ni wengi, kompyuta inaweza kuonesha kwamba swali hili waliofaulu wamelikosa na walioanguka wamelipata, kwa hiyo lina kasoro. Kwetu mtihani wa kwanza ukiwa na watahiniwa 20 au 30, namba zitayumba kama mlevi. Mtu mmoja aliyeamka na malaria anabadilisha takwimu za swali zima. Kwa hiyo miaka ya mwanzo mtategemea macho na ubishi wa wajumbe kuliko hesabu, na ndiyo sababu nawasumbua hivi juu ya nani atakaa kwenye viti hivyo.

Udogo wetu una tatizo lingine. Tunajuana. Anayetunga swali ndiye anayemfundisha atakayeulizwa, na pengine ni shangazi yake. Hatuhitaji kusimuliana habari za mitihani kuvuja, kila mtu aliyepita shule katika nchi hii ana ya kwake. Mtungaji asaini kutunza siri, na kwa muda mtakaoupanga asifundishe madarasa ya kujiandaa na mtihani, hata ya bure, hata ya kanisani. Maswali yawe mengi mara kadhaa kuliko yanayohitajika, ili hata mtungaji asijue lipi limeingia. Na mwombeni mwenzetu wa Kenya au Uganda akae kama mpitiaji. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo Arusha, mwendo wa saa mbili kutoka hapa nilipo, na kumbi za kukutania hazijawahi kukosekana. Halafu amueni kabla ya kuanza, si baada: mtungaji mwenyewe atapataje cheti, maana hawezi kuufanya mtihani alioutunga. Mkiliacha hilo liamuliwe njiani, litaonekana kama zawadi.

La lugha. Najua mtihani utakuwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo mafunzo ya afya yalivyo, na sitapigana vita hiyo leo. Naomba sehemu moja tu iwe kwa Kiswahili: ile ya kumweleza mgonjwa. Nimewaona vijana wazuri wanaoweza kukutajia kila kituo kwenye njia ya sauti kutoka kwenye koklea hadi kwenye ubongo, kisha anakaa mbele ya bibi kutoka Machame na kumwambia "una hearing loss ya sensorineural". Bibi anaitikia ndiyo mwanangu, shikamoo naye anaisubiri bado. Mtu asiyeweza kusema kwa Kiswahili kwamba vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na kifaa kitasaidia lakini hakitarudisha ujana, huyo cheti kimngoje kidogo.

Na Kiswahili kina neno lake hata kwenye vipimo vyenyewe. Kipimo cha kusikia maneno kule Marekani kina orodha ya zamani yenye maneno kama "baseball", "hotdog" na "cowboy", yaliyochaguliwa kwa kuwa silabi zake mbili zinatamkwa kwa uzito sawa. Maneno ya namna hiyo sisi hatuna. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ya silabi moja ni ya kuhesabu. Nani kati ya watungaji ataweza kuuliza swali la maana kuhusu kumpima kwa maneno mtu anayejua Kiswahili na Kichaga tu? Yule ambaye amewahi kukwama, akaandika orodha yake mwenyewe nyuma ya daftari: kuku, baba, meza, moto. Wapo. Orodha zao zinatofautiana kutoka wilaya hadi wilaya, na kuwakutanisha tu mezani kutakuwa na faida hata kama mtihani wenyewe utachelewa.

Mimi najitolea. Ijumaa sina kliniki, na kuna mwenzangu anayeweza kunishikia chumba wiki moja kwa mwaka, mbili akibembelezwa. Nina maswali 11 niliyokwisha kuyaandika, yako kwenye bahasha ndani ya kabati lenye ufunguo, na sijamwonesha mtu. La kwanza linamhusu mzee mwenye sikio moja zima na lingine linalojibu kwenye desibeli 60. Hilo itabidi nilichane, pamoja na lile la mtoto wa miezi mitatu. Msiyatumie, nimeshayavujisha humu. Yaliyobaki 9 nitayaleta mkononi, mtakaponiambia nimkabidhi nani.

Wenu katika kazi,

Mpima usikivu,
Moshi